Kimeitwa, Hakikuitika

Gari lenyewe ni dogo, linaenea kiganjani. Ni la mbao, jekundu, lina magurudumu meusi manne na moja limelegea. Nililinunua soko la Ilala, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi, belo la vitu vya watoto lilipokatwa kamba na sote tukainama kuchambua: wanasesere wasio na nguo, dubu wa manyoya waliobanwa hadi wakawa bapa, simu za plastiki zisizo na mfuniko wa betri. Niliuziwa shilingi 1,000. Nilimkusudia mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, aliyetimiza miaka miwili juzijuzi. Bado yuko katika umri ule ambao kila kitu lazima kipite mdomoni kwanza.

Nyumbani ndipo nilipoligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni rangi ilikuwa imebanduka, na pale ilipobanduka palikuwa na vishimo vidogo, viwili viwili, vimedidimia katika mbao. Alama za meno. Mtoto mwingine, wa nchi nisiyoijua, alilitafuna gari hili kabla halijafungwa kwenye belo. Chini yake paliwahi kuwa na maandishi yaliyogongwa. Zimebaki tarakimu moja na nusu.

Nililiweka juu ya kabati nikarudi kwa yule mama aliyeniuzia, kumuuliza kama vitu vile huja na boksi au karatasi yoyote. Alinitazama kwa huruma. Mwanangu, akasema, hivi vinakuja kwa kilo.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza. Huko vinakoanzia safari vitu hivi, upo utaratibu wa kukiita kitu kirudi. Kampuni ikigundua kwamba ilichokiuza kinaweza kumdhuru mtoto, au serikali ikiligundua hilo, hutolewa tangazo: jina la kitu, namba yake, kiliuzwa lini na katika maduka gani, kina ubaya gani, na aliye nacho afanye nini ili arudishiwe fedha yake au apewe kingine. Marekani kazi hiyo inasimamiwa na Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Umoja wa Ulaya una mtandao wake wa tahadhari, Safety Gate, ambao zamani uliitwa RAPEX, na vitu vya kuchezea watoto vimekuwa miongoni mwa vinavyotajwa humo mara nyingi zaidi. Mtu akisoma matangazo hayo hudhani hatari imekwisha siku lilipotoka tangazo. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za kitanda kimoja cha Chicago.

Ilikuwa Mei 1998. Danny Keysar, mtoto wa miezi 16, alilazwa usingizi wa mchana nyumbani kwa mlezi wa watoto mwenye leseni. Kitanda kilikuwa cha kukunja na kukunjua, aina ya Playskool Travel-Lite, kilichotengenezwa na kampuni ya Kolcraft. Kingo zake za juu zilijikunja katikati, zikafanya kama mdomo wa mkasi, zikaibana shingo yake. Hakuamka. Kitanda kile kilikuwa kimeitwa kirudi mwaka 1993, miaka mitano kamili kabla ya siku hiyo, na Danny alikuwa mtoto wa tano kufa kwa namna ile ile katika kitanda cha aina ile ile. Mlezi hakujua. Wazazi hawakujua. Mkaguzi wa serikali ya jimbo alikuwa ameikagua nyumba hiyo siku chache tu kabla, akaipitisha, naye hakujua.

Nimelirudia neno hilo mara tatu kwa makusudi, kwa sababu kila ninaposoma habari za namna hii nalikuta limekaa palepale. Hapakuwa na mtu mwovu katika chumba kile. Palikuwa na tangazo la miaka mitano, na palikuwa na watu wanne, wote wakimjali mtoto, ambao tangazo halikuwafikia.

Wazazi wake, Linda Ginzel na Boaz Keysar, ni wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka huohuo walianzisha shirika la Kids In Danger, na mwaka 1999 jimbo lao la Illinois likawa la kwanza Marekani kutunga sheria ya kukataza kuuza au kukodisha kitu cha mtoto ambacho kimekwisha kuitwa kirudi. Wamarekani wengi walisubiri hadi mwaka 2008. Sheria ya nchi nzima iliyopitishwa wakati huo ina kifungu chenye jina la Danny: mtengenezaji wa vitanda vya watoto, viti vya kulia, vigari vya kusukuma na vinginevyo vya jamii hiyo lazima aweke kwenye boksi kadi ya posta iliyokwisha kulipiwa. Mnunuzi anaandika jina na anwani, anaituma, na siku kitu kikiitwa, yeye huandikiwa moja kwa moja. Wazo ni jepesi, la kukipa kitu mwenyewe. Ila kadi hiyo haikuwekwa kwa vitu vya kuchezea. Kigari cha mbao hakina kadi.

Sheria ya 2008 haikuja kwa ajili ya Danny peke yake. Ilikuja kwa sababu mwaka 2007 ulikuwa umewatisha wazazi wa dunia nzima. Juni mwaka huo kampuni ya RC2 ya Illinois iliita treni za mbao za Thomas & Friends zipatazo milioni 1.5, zilizouzwa Marekani tangu Januari 2005. Zilikuwa zimetengenezwa China, na rangi yake, hasa ile nyekundu, ilikuwa na madini ya risasi. Wazazi walizifunga treni wakazituma. Septemba kampuni ikatoa wito wa pili, na miongoni mwa vilivyoitwa safari hii kulikuwa na kibehewa ambacho baadhi ya wazazi walikuwa wametumiwa kama zawadi ya kuombwa radhi kwa wito wa kwanza. Nacho kilikuwa na risasi. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria mama aliyekipokea kwa posta, akakifungua mbele ya mtoto wake, akidhani amesikilizwa.

Agosti ilikuwa zamu ya Mattel, kampuni kubwa kuliko zote katika biashara hiyo wakati huo. Tarehe 2 iliita vitu kiasi cha milioni 1.5 vya Fisher-Price, tawi lake, kwa sababu ya rangi yenye risasi. Vilitengenezwa na kiwanda cha Lee Der kule Foshan, katika jimbo la Guangdong. Siku chache baadaye mmoja wa wenye kiwanda, Zhang Shuhong, alijiua ndani ya ghala lake. Magazeti ya China yaliandika kwamba rangi ile aliuziwa na rafiki yake wa karibu, naye akaipokea kwa kuaminiana, bila kuipima. Habari hiyo hainitoki. Upande mmoja wa bahari kuna mtoto anayelamba kitu chekundu, upande wa pili kuna mtu aliyemwamini rafiki yake, na katikati kuna kampuni kubwa ambayo katika mlolongo wote huo ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kupima kila pipa la rangi.

Lugha yetu inayaita madini haya kwa jina lile lile la kitu kinachotoka katika bunduki. Tofauti ni mwendo. Risasi ya kwenye rangi haitoboi; mwili wa mtoto huidhania kuwa ni madini ya chokaa yanayojenga mifupa, ukaifungulia mlango. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kwa kumeza kiasi kile kile. Huingia katika mifupa, hufika kwenye ubongo, na kile inachopunguza hukirudishi: wepesi wa kujifunza, utulivu wa kusikiliza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hatapiki, hapati homa. Miaka saba baadaye mwalimu anasema huyu hana akili ya darasani, na hakuna anayekumbuka kigari.

Wakati mwingine haichukui miaka. Mwaka 2006, kule Minnesota, mtoto wa miaka minne alimeza kidude kidogo chenye umbo la moyo kilichokuwa kinaning'inia kwenye bangili. Bangili ilitolewa bure kwa kila aliyenunua viatu vya watoto vya Reebok. Kile kimoyo kilikuwa karibu chote ni risasi tupu. Mtoto alikufa baada ya siku chache. Bangili 300,000 zikaitwa zirudi.

Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa sana. Owino Uhuru wanaijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitema risasi katika mtaa uliosongamana watu, na Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ameathirika. Alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni za Kenya. Pale adui alikuwa na ukuta, geti na jina la kampuni, na bado ilichukua miaka. Sasa fikiria adui aliyegawanyika katika vigari elfu, kila kimoja ndani ya nyumba yake.

Narudi kwa Mattel, kwa sababu kuna jambo ambalo mwaka ule lilifunikwa na kelele. Tarehe 14 Agosti kampuni iliita vitu vingine, na safari hii vilikuwa zaidi ya milioni 18 duniani kote. Wengi waliosikia walisema ni China tena, ni rangi tena. Lakini sehemu kubwa kabisa ya vitu hivyo haikuwa na kosa la rangi. Ilikuwa na sumaku ndogo zenye nguvu, zilizochomoka kwa urahisi. Kiwanda kilikuwa kimezitengeneza sawasawa na mchoro ulivyotaka. Kosa lilikuwa katika mchoro, na mchoro ulitoka kwa Mattel. Septemba mkubwa mmoja wa kampuni, Thomas Debrowski, alikwenda Beijing akawaomba Wachina radhi hadharani, akikiri hivyo.

Sumaku ndiyo ninayoiogopa kuliko vyote, na nadhani ndiyo isiyoeleweka zaidi huku kwetu. Mtoto akimeza moja, mara nyingi hupita ikatoka. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, au sumaku na kipande cha chuma, moja huwa katika utumbo huku na nyingine katika mkunjo wa utumbo ule kule. Huvutana. Kuta za utumbo zinabanwa katikati yake, damu haipiti, nyama inakufa, tundu linatokea. Mama anaona mtoto anatapika na tumbo limekuwa gumu, anadhani ni chango, anampa dawa ya minyoo. Daktari naye, asipopiga picha ya eksirei, anaweza kudhani hivyohivyo. Marekani yenyewe imehangaika na sumaku hizi. Ilizuia vile vipira vidogo vya Buckyballs, kanuni yake ikafutwa na mahakama mwaka 2016, na mpya haikupatikana hadi mwaka 2022. Katika miaka hiyo sita, wapasuaji wa watoto walikuwa wakiendelea kuzitoa matumboni.

Basi, tuseme kila kitu kimekwenda kama kilivyopangwa. Hatari imeonekana, kampuni imekiri, tangazo limetoka. Vitu vingapi hurudi? Mwaka 2017 ile tume ya Marekani iliita mkutano kulijadili swali hilo hilo, na takwimu zake ilizozitoa zilikuwa hivi: vilivyo bado katika ghala na madukani huondolewa kwa sehemu kubwa, lakini vilivyokwisha kufika mikononi mwa wanunuzi, hurudi au kurekebishwa asilimia 6 tu. Sita katika mia. Na hiyo ni nchi ambayo duka lina kumbukumbu ya nani alinunua nini, nyumba ina namba na mtaa, posta inafika mlangoni, na habari ya saa moja jioni inaonyesha picha ya kitu chenyewe.

Kisa cha Rock 'n Play kinaieleza asilimia hiyo vizuri kuliko mimi. Fisher-Price ilianza kukiuza mwaka 2009: kitanda cha mtoto mchanga kilichoinuliwa upande wa kichwa, chenye kumbembeleza. Wazazi waliochoka walikipenda kwa sababu mtoto alilala. Lakini mtoto mchanga akilala kwenye mwinamo, kidevu huweza kuangukia kifuani na njia ya hewa ikabanwa. Au akajigeuza na pua ikafukiwa kwenye kitambaa. Aprili 2019 gazeti la Consumer Reports liliandika kwamba vifo vinavyohusishwa nacho vimefika 32. Liliweza kuandika hivyo kwa sababu tume ilikuwa imelipelekea kwa makosa takwimu ambazo hazikufutwa majina ya kampuni. Ni kwa makosa, kwa maana sheria ya Marekani, katika kifungu cha 6(b), inaibana tume isitaje kampuni hadharani kabla ya kuipa nafasi ya kujieleza na kubishana. Siku chache baada ya makala ile, vitanda milioni 4.7 viliitwa.

Januari 2023 tume na kampuni zilitoa tangazo hilo hilo upya. Vifo vilivyoripotiwa vilikuwa vimekaribia 100, na angalau vinane kati yake vilitokea baada ya wito wa 2019. Vitanda vilikuwa vimebaki kwenye stoo, wenyewe wakawapa wadogo zao waliopata ujauzito, vikauzwa mtandaoni kwa bei ya chee. Mtu anayempa dada yake kitanda alicholalia mwanawe salama hafanyi ubaya. Anafanya lile ambalo sote tulifundishwa, kwamba kitu cha mtoto hakitupwi.

Hapo ndipo sisi tunapoingia katika habari hii. Nguo na vitu vya watoto vya Ulaya na Marekani vikishamaliza kazi huko, vingi hukusanywa, hubanwa, hupakiwa, na sehemu yake huteremshwa Dar es Salaam na Mombasa. Sina ugomvi na mitumba. Nimevaa mitumba tangu nikiwa mtoto, na mama yule wa Ilala amesomesha watoto kwa belo. Ninachosema ni kwamba kitu kilichoitwa kikipanda meli, wito haupandi nacho. Tangazo lina jina la duka la Ohio, namba ya simu ya Marekani na picha ya boksi ambalo lilichanwa zamani. Na vipya vya Kariakoo ya Dar es Salaam na Nyamakima ya Nairobi, vile vinavyokuja kwa kontena vikiwa havina jina lolote, hata kuitwa haviwezi kuitwa. Utaita nini?

Serikali zetu hazikulala kabisa. Tanzania ina Shirika la Viwango, TBS, na tangu mwaka 2012 bidhaa nyingi hukaguliwa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa. Kenya ilitangulia kwa utaratibu wa namna hiyo kupitia shirika lake la viwango, KEBS. Tume ya Ushindani ya Tanzania inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2003 yenye sehemu inayohusu usalama wa bidhaa. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 46, inampa mlaji haki ya kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na bidhaa mbovu. Ni milango mizuri. Lakini cheti cha ukaguzi hutolewa kwa shehena, na shehena ya vitu 40,000 haichunguzwi kimoja kimoja. Kwa hiyo mlango ukishapitwa, kilichopita kinakuwa huru.

Nimelifikiria sana suala la ile kadi ya Danny. Kule waliibuni kwa sababu hawakuwa na njia ya kumjua mwenye mtoto. Sisi tunayo. Kila mama wa nchi hii mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano anaijua kadi ya kliniki. Ina jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa, uzito wake mwezi hadi mwezi. Mama huiweka kwenye mfuko wa plastiki isilowe, huiweka pamoja na vitu vya thamani. Siku ya kupima uzito wanakaa kwenye benchi saa mbili, tatu, wakisubiri zamu, na ukutani mbele yao kuna picha za vyandarua na za maziwa ya mama. Kwa nini ukuta huohuo usiwe na picha za vitu vilivyoitwa? Picha kubwa, zisizohitaji kusomwa: simu hii ya plastiki, betri yake inachomoka; vipira hivi vidogo vinavimba vikilowa maji. Vipira hivyo navyo vina kisa chake. Septemba 2023 vya aina moja vilivyouzwa katika maduka ya Target, Marekani, viliitwa baada ya mtoto wa miezi 10 kufa. Ukivitazama ni kama shanga za rangi, na vikifika tumboni hukua. Muuguzi akiwa na dakika tano za kuvieleza, mama 60 wameondoka wanajua, na jioni wamejua majirani 60. Sijui njia nyingine ya kuufikisha wito hadi chumba ambamo mtoto analala, na hii haihitaji posta.

Wenye maduka ya jumla nao wanafikika. Hawazidi mitaa michache, na wanajuana kwa majina. Kitu kikishaonekana kibaya, kinaweza kuondolewa Kariakoo kwa siku moja kama ofisi husika ikiamua kwenda kwa miguu na picha mkononi, kabla machinga hawajakitawanya hadi Sumbawanga.

Huku tukisubiri hayo, kazi inabaki kwa mikono ya nyumbani. Nitasema niliyoanza kuyafanya mimi. Kile kiviringo cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha sikitupi tena. Wamarekani wana kipimo rasmi cha vitu vidogo: mcheduara wenye upana wa milimita 31.7, uliokadiriwa kwa koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu, na kinachoingia chote humo hakiruhusiwi kuuzwa kwa umri huo. Kiviringo chetu ni kipana zaidi kidogo, kwa hiyo kinakosea upande wa usalama. Kinachopita humo hakifai kwa mpwa wangu. Kisha nashika bisibisi. Kitu kinachoimba au kuwaka taa, nakitazama mfuniko wa betri. Kama hauna skrubu, hakikai chini. Zile betri bapa tunazoziita za saa zikikwama kooni huanza kuunguza nyama kabla ya saa mbili kupita, hata zikiwa zimechoka kiasi cha kutowasha tena kile kitu. Mtoto aliyeimeza asitapishwe. Akimbizwe hospitali yenye eksirei, na kama ameshapita mwaka mmoja na anaweza kumeza, madaktari wa sumu wanashauri apewe njiani vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, ipapake mahali betri ilipokwama. Asali isiwe sababu ya kuchelewa kuondoka.

Kwa rangi, jikoni hakuna kipimo. Kaka yangu ni seremala. Nilimwambia habari za gari jekundu akasema atapita kulichukua, alipige msasa alipake upya. Nilikubali, halafu nikasoma kwamba hilo ndilo baya kuliko yote, maana vumbi la msasa likiwa na risasi huvutwa na kila aliyemo chumbani, na hutua kwenye nguo anazorudi nazo nyumbani kwa mtoto. Nikampigia simu asubuhi na mapema kabla hajapita kulichukua.

Sikulitupa. Jalala la mtaa wetu lina watoto wake, wanaopita kila jioni na viroba, na gari jekundu lisingelala humo hata usiku mmoja. Nililifunga kwenye kopo la maziwa nikalipeleka ofisi moja ya serikali ambayo niliambiwa inahusika. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akafungua daftari kubwa lenye safu zilizochorwa kwa rula. Aina ya bidhaa: akaandika gari la kuchezea, dogo, jekundu, la mbao. Mahali iliponunuliwa: akaandika Ilala. Risiti: hakuna. Alama au namba: akaligeuza gari kwenye taa kama nilivyofanya mimi, akapitisha kidole juu ya ile tarakimu moja na nusu, kisha akakigusa kidogo kile kishimo cha jino, bila kuuliza. Jina la mtengenezaji. Alishika kalamu kwa muda. Akachora kistari.